Namna ya Kuandaa Mafunzo ya Utafiti wa Afya ya Jamii Yanayofika Mwisho

Mafunzo mengi ya utafiti wanayopewa watumishi wa afya wilayani huchukua siku tano. Washiriki hukutana katika ukumbi wa hoteli makao makuu ya mkoa, hufundishwa aina za tafiti, ukokotoaji wa sampuli, maadili na uandishi wa andiko, yaani pendekezo la utafiti, kisha hupewa cheti na posho, na Ijumaa jioni kila mmoja hurejea kituoni kwake. Mwaka unapopita, andiko alilolianza ukumbini bado limo kwenye kompyuta likiwa na kurasa nne. Watumishi hao wana akili na bidii, na wakufunzi wao mara nyingi ni mahiri. Kasoro imo katika mpangilio: mafunzo yalikoma pale ambapo utafiti huanza kuwa mgumu, yaani wakati wa kuomba kibali, kukusanya data zenye mapengo, kuzichambua, na kuandika matokeo huku kazi za wodini zikiendelea.

Mwongozo huu unawahusu wanaokabidhiwa jukumu la kuandaa mafunzo hayo: timu za uendeshaji wa huduma za afya za mikoa na halmashauri, wakufunzi wa vyuo vya afya, wahadhiri na waratibu wa miradi. Mifano mingi nimeichukua Tanzania Bara. Msomaji wa Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi atabadilisha majina ya vyombo na vitabu, lakini hatua zenyewe hazitabadilika sana.

Aina ya mtafiti anayehitajika

Kabla ya kupanga bajeti, amueni mnataka kumwandaa nani, kwa sababu njia ni tofauti na gharama zake hazilingani hata kidogo. Ikiwa mkoa unahitaji mtu wa kutambua mlipuko wa kipindupindu au surua na kuufuatilia hadi chanzo chake, njia inayofaa ni mafunzo ya epidemiolojia ya nyanjani, yaani uchunguzi wa namna magonjwa yanavyoenea katika jamii. Kenya iliyaanza mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2008, na yana ngazi tatu: ya awali ya takribani miezi mitatu, ya kati ya takribani miezi tisa, na ya juu ya miaka miwili inayoishia kwenye shahada ya uzamili, ambapo sehemu kubwa ya muda mwanafunzi huwa kazini nyanjani. Ikiwa chuo kikuu kinahitaji wahadhiri wenye shahada ya uzamivu, mfano mzuri ni muungano wa vyuo vikuu vya Afrika unaoitwa CARTA, ulioanza mwaka 2008 chini ya kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Muungano huo huwachukua wahadhiri ambao tayari wameajiriwa katika vyuo vyao na kuwasomesha bila kuwang'oa huko.

Mahitaji ya halmashauri ni mengine. Halmashauri inahitaji mganga, muuguzi, mtaalamu wa maabara au mratibu wa kifua kikuu anayeweza kuchukua kumbukumbu za kituo chake, kuziuliza swali moja lenye manufaa, na kulijibu kwa namna inayokubalika kisayansi. Huu ndio utafiti wa utekelezaji, na ndio ninaoushughulikia katika mwongozo huu. Kielelezo chake kilichojaribiwa zaidi ni mpango wa SORT IT. Kozi yake ya kwanza ilifanyika mwaka 2009 kwa ushirikiano wa Muungano wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu na Magonjwa ya Mapafu na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Baadaye mpango huo ukaratibiwa na TDR, programu ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani. Washiriki wake huwa wachache, kwa kawaida kumi na wawili, na kozi huenda kwa awamu na tarehe za mwisho zisizolegezwa. Anayeshindwa kutimiza hatua ya awamu moja haendelei na awamu inayofuata. Ukali huo unaweza kuonekana kupita kiasi katika mazingira yetu, lakini kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya mpango huo ambayo hatuna budi kuichukua bila kuipunguza.

Manufaa ya kuwapa wilaya uwezo wa kusoma data zao yameshaonekana nchini. Katika mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya kwa msaada wa kituo cha utafiti cha IDRC cha Kanada tangu katikati ya miaka ya 1990, timu za afya za Rufiji na Morogoro zilipewa takwimu za magonjwa yaliyokuwa yakiua watu katika maeneo yao wenyewe, zikapewa nyenzo rahisi za kupangia bajeti, na zikaongezewa fedha kidogo tu. Timu hizo zilipolinganisha bajeti na mzigo wa magonjwa, ziligundua kwamba maradhi yaliyoongoza kwa kuua watoto, malaria yakiwemo, yalikuwa yakitengewa sehemu ndogo kuliko ilivyostahili. Fedha zikahamishiwa huko. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika maeneo yaliyofuatiliwa vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache. Si mafanikio ya takwimu peke yake, kwa kuwa dawa na huduma jumuishi za watoto zilifika pia, lakini takwimu ndizo zilizoonyesha fedha ziende wapi.

Anzeni na swali

Waandaaji wengi huanza kwa kuandika ratiba ya masomo, kisha hutafuta washiriki, na swali la utafiti huja siku ya tatu. Mpangilio huo ugeuzwe. Tangazo la mafunzo limtake kila mwombaji alete swali linalotokana na kazi yake, barua ya mwajiri inayoruhusu data zitumike, na nakala ya ukurasa mmoja wa kitabu au rejista anayokusudia kuitumia, majina ya wagonjwa yakiwa yamefunikwa. Ukurasa huo una thamani kuliko barua ya maombi yenye maneno mazuri, kwa kuwa unaonyesha papo hapo kama jibu linalotafutwa limo kwenye kumbukumbu au halimo.

Chukueni mfano wa muuguzi mkunga wa kituo cha afya anayeleta mada hii: "Changamoto za malaria kwa wajawazito katika halmashauri yetu." Mada hiyo ni pana mno, na hakuna mtu anayeweza kuimaliza. Mlezi wake, yaani mtafiti mzoefu anayemwongoza, amuulize mambo matatu: nani atalitumia jibu, jibu limo katika kitabu gani, na je, kazi inaweza kukamilika kabla mwaka haujaisha. Baada ya saa moja ya mazungumzo swali litakuwa limefika hapa: kati ya wajawazito waliojiandikisha kliniki katika vituo kumi vya halmashauri kwa mwaka mmoja, ni asilimia ngapi walipata dozi tatu au zaidi za SP, dawa ya kuwakinga wajawazito na malaria, na je, walioanza kliniki mapema walipata dozi nyingi kuliko waliochelewa? Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri tangu mwaka 2012 kwamba SP itolewe katika kila hudhurio la kliniki kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba, kwa nafasi ya angalau mwezi mmoja kati ya dozi na dozi. Kipimo kipo, na kitabu cha wajawazito cha MTUHA, mfumo wa kumbukumbu za vituo vya afya, kina safu za dozi hizo.

Mlezi asiyekuwa makini ataishia hapo na kumpongeza mshiriki. Mlezi mzuri ataona kwamba nusu ya pili ya swali inajijibu yenyewe: mama aliyeanza kliniki akiwa na mimba ya wiki 34 hana muda wa kupata dozi tatu zenye nafasi ya mwezi mmoja, na hahitajiki mtafiti kulithibitisha hilo. Ataona pia kwamba aliyejiandikisha mwezi Desemba bado ni mjamzito mwezi Januari, hivyo data zikikusanywa mapema ataonekana kana kwamba aliacha kuhudhuria. Na ataona kwamba wajawazito wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanaotumia kotrimoksazoli hawapewi SP kwa sababu za kitabibu, kwa hiyo hawapaswi kuhesabiwa miongoni mwa waliokosa dozi.

Swali litaandikwa upya. Kati ya mahudhurio yote ambayo mjamzito alistahili kupewa SP, ni mangapi aliondoka bila dozi, na katika vituo gani? Jibu la swali hili Mganga Mkuu wa Halmashauri anaweza kulifanyia kazi wiki inayofuata, kwa sababu litamwonyesha vituo ambako mama alifika, akapimwa, akaandikwa, na bado hakupata dawa aliyoistahili. Muuguzi aliyepitia mjadala huo hadi mwisho amejifunza kuhusu kigawe cha takwimu, upendeleo unaopotosha matokeo na muda wa ufuatiliaji mengi kuliko ambayo angeyapata katika mihadhara ya siku mbili, na ameyajifunza kwa kitabu anachokiandika kila siku.

Washiriki na walezi

Msizidi washiriki kumi na wawili. Ni vema waje wawili wawili kutoka halmashauri moja, kwa sababu mmoja akihamishwa kazi hubaki mwingine, na uhamisho ni jambo la kawaida katika utumishi wetu. Chagueni wanaogusa data kwa mikono yao. Kishawishi cha kumteua mkuu wa idara kwa sababu ya cheo chake ni kikubwa, na mara nyingi huwa ni mtu mwenye nia njema, lakini ratiba yake ya vikao haitamruhusu kukaa na rejista. Mkuu huyo apewe nafasi nyingine ya maana: awe mpokeaji rasmi wa matokeo, na aahidi kwa maandishi kwamba mshiriki wake atapewa siku maalumu za kazi ya utafiti katika kila mwezi wa mafunzo. Ahadi ya mdomo husahaulika robo ya mwaka inapofungwa na taarifa zinapodaiwa.

Kuhusu walezi, ushauri wangu ni mlezi mmoja kwa washiriki wawili, na asizidishiwe hapo. Mlezi ni tofauti na mkufunzi. Mkufunzi husimama mbele ya darasa akaeleza namna ya kuandika malengo mahususi. Mlezi hukaa kando ya mshiriki, akasoma malengo yaliyoandikwa, akauliza kwa nini lengo la tatu halina data. Anapaswa awe amewahi kufikisha utafiti wake mwenyewe hadi kuchapishwa, na awe tayari kujibu ujumbe ndani ya siku mbili au tatu, hata mwezi wa saba wa mafunzo, wakati shauku ya mwanzo imekwisha. Walezi wapatikane karibu: taasisi kama NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979 na yenye vituo Mwanza, Tanga, Mbeya, Tabora na kwingineko, Taasisi ya Afya Ifakara, na vyuo vikuu vya afya vya Muhimbili, Bugando na KCMC wanao watu wenye uwezo huo. Mlezi wa kutoka nje ya nchi anaweza kusaidia sana, lakini awe wa pili katika jozi, ili mradi unapokwisha asiondoke na ujuzi wote.

Wanaotarajia matunda ndani ya mwaka mmoja wa fedha waitazame Ifakara. Kituo hicho kilianza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya nyanjani ya Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Uswisi, baada ya ziara za Profesa Rudolf Geigy katika bonde la Kilombero, na miaka ya 1960 kulikuwa tayari na mafunzo ya watumishi wa afya vijijini. Kikawa taasisi ya Kitanzania inayojisimamia katika miaka ya 1990. Karibu miaka arobaini ilipita kati ya hatua hizo mbili, na katikati yake kulikuwa na vijana wa Kitanzania walioanza kama wasaidizi wa maabara na wakusanya data.

Awamu tatu na tarehe zisizosogezwa

Gaweni mafunzo katika vipindi vitatu vya ana kwa ana, kila kimoja cha siku tano hadi saba, vikitandazwa katika miezi tisa hadi kumi na miwili. Katika kipindi cha kwanza mshiriki huandika andiko kamili, na haondoki ukumbini bila rasimu yenye usuli, swali, mbinu, orodha ya vigezo na bajeti. Kipindi cha pili huja baada ya kibali kupatikana, nacho ni cha kutengeneza fomu ya kuingizia data, kuzisafisha na kuzichambua. Cha tatu ni cha kuandika makala na muhtasari wa matokeo kwa viongozi. Kati ya vipindi hivyo kuna kazi ya nyanjani, na kila hatua ina tarehe yake: andiko kuwasilishwa kwenye kamati ya maadili ndani ya wiki tatu, data zote kuingizwa kabla ya kipindi cha tatu, makala kutumwa kwenye jarida ndani ya wiki nne baada ya kipindi hicho.

Asiyefikia tarehe asialikwe kipindi kinachofuata, isipokuwa kama amekwamishwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, kwa mfano kamati kuchelewesha kibali. Waandaaji wengi huona haya kumwacha mtu nyuma, hasa akiwa mwenzao wa siku nyingi. Lakini waliotimiza wajibu wakiona kwamba aliyelala ameitwa sawasawa na wao, hatua inayofuata nao watalala.

Darasani, punguzeni mihadhara. Saa moja ya somo asubuhi ifuatwe na saa tatu za kuandika, na alasiri kila mshiriki aonyeshe alichoandika mbele ya wenzake. Somo la sampuli, kwa mfano, halihitaji zaidi ya mfano mmoja uliofanywa kwa mkono. Tukitaka kukadiria kiwango tusichokijua, tukakichukulia kuwa asilimia 50, kwa uhakika wa asilimia 95 na ukingo wa makosa wa asilimia 5, tunahitaji wajawazito 384. Lakini wajawazito wa kituo kimoja hufanana, kwa kuwa wanahudumiwa na wauguzi wale wale na hukumbwa na upungufu ule ule wa dawa. Tukikadiria kwamba mfanano huo unaongeza mahitaji maradufu, tunafika 768. Mshiriki akielewa kwa nini namba imeongezeka, fomula ataipata kwenye kitabu chochote.

Kukaa na rejista

Hapa ndipo muda mwingi unapaswa kutumika, na hapa ndipo mafunzo ya siku tano hayafiki kabisa. Mfumo wa DHIS2 wa kukusanya takwimu za vituo vya afya kwa kompyuta, ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011 na Tanzania miaka michache baadaye, umerahisisha sana kupata jumla za mwezi za kila kituo, na kuna maswali mengi yanayoweza kujibiwa kwa jumla hizo. Hata hivyo, jumla hiyo imetoka kwenye karatasi, na mtafiti chipukizi anapaswa aione karatasi hiyo.

Mpelekeni mshiriki kituoni pamoja na mlezi wake, wafungue kitabu cha wajawazito na kusoma kurasa kumi kwa utulivu. Watakuta kwamba umri wa mimba katika hudhurio la kwanza umeandikwa kwa wiki katika kurasa nyingine na kwa miezi katika nyingine, kutegemea nani alikuwa zamu. Watakuta mstari mzima wenye alama za vyema zilizofanana, zilizoandikwa kwa kalamu moja na mkono mmoja, ishara kwamba huenda zilijazwa kwa mkupuo mwisho wa mwezi. Na watakuta kisanduku cha SP kilicho kitupu. Kisanduku hicho kinaweza kuwa na maana tatu: mama hakupewa dawa kwa sababu haikuwepo, hakupewa kwa sababu ya kitabibu, au alipewa na muuguzi hakuandika. Mchambuzi aliyekaa ofisini atakihesabu kama "hakupewa" na kuendelea. Mshiriki aliyefika kituoni ataomba leja ya dawa, atafute tarehe ambazo salio la SP lilikuwa sifuri, kisha azilinganishe na tarehe za mahudhurio. Wakikuta dawa ilikuwepo kwa wiki zile ambazo visanduku vitupu vimejazana, watarudi kwa muuguzi kumuuliza kwa heshima, bila kumshutumu, utaratibu wa kliniki unavyokwenda. Huenda wakagundua kwamba dawa hutolewa chumba kingine, na mama anayetoka huko harudi mezani kilipo kitabu.

Kwa kuingiza data, tumieni programu isiyolipiwa na inayofanya kazi bila intaneti. EpiData imetumika sana katika kozi za namna hii. Fomu iwe na mipaka, ili umri wa miaka 150 usikubalike, na data ziingizwe mara mbili na watu wawili tofauti, kisha mafaili yalinganishwe na kila tofauti irejewe kwenye kitabu. Kazi hii inachosha, lakini msikubali irukwe, kwa kuwa ndiyo inayomfanya mshiriki asimame bila wasiwasi anapoulizwa namba zake zimetoka wapi.

Majina ya wagonjwa yasiingizwe kwenye kompyuta kamwe. Kila mama apewe namba ya utafiti, na orodha inayounganisha namba na jina, ikilazimu kuwepo, ifungiwe kituoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya mwaka 2019, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti katika sheria hizo. Picha za rejista zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp "kwa ajili ya msaada wa mlezi" zipigwe marufuku tangu siku ya kwanza.

Kibali

Wafundisheni washiriki kuomba kibali wenyewe, hata kama ofisi ya mradi ingeweza kuwaombea haraka zaidi. Tanzania Bara, kamati ya kitaifa ya maadili ya utafiti wa afya iko chini ya NIMR, na taasisi nyingi zina kamati zao. Zanzibar ina chombo chake. Kenya mtafiti hupita kwenye kamati ya maadili iliyoidhinishwa kisha huomba leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na Uganda huhusika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Utafiti unaotumia kumbukumbu tu bado unahitaji kibali, ingawa mara nyingi unaweza kuomba kusamehewa ridhaa ya kila mgonjwa. Masharti ya kibali yasomwe hadi mwisho, maana yapo yanayohusu taarifa za maendeleo na uchapishaji wa matokeo. Wekeni miezi miwili hadi mitatu ya kusubiri kwenye ratiba, na muitumie kwa kusoma machapisho. Taasisi nyingi za nchi zetu zinaweza kupata majarida bure au kwa bei nafuu kupitia Hinari, huduma iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, lakini mara nyingi neno la siri linakaa kwa mkutubi mmoja na watumishi hawajui kuwa lipo. Liulizeni.

Kuandika, na kurudisha matokeo

Makala itaandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo majarida mengi yanavyotaka, na kwa wengi hiki ndicho kikwazo kikubwa kuliko takwimu. Njia niliyoiona ikisaidia ni kumtaka mshiriki aeleze matokeo yake kwa Kiswahili kwanza, kwa mdomo, kwa dakika tano, bila kusoma. Akishindwa kueleza kwa Kiswahili, hajaelewa matokeo, na hakuna Kiingereza kitakachomsaidia. Akiweza, mpangilio wa makala umeshapatikana, na kinachobaki ni sentensi, ambazo mlezi anaweza kuzinyoosha bila kuzinyang'anya.

Orodha ya waandishi ikubaliwe mapema, kabla data hazijakusanywa, na iandikwe. Mshiriki awe mwandishi wa kwanza. Vigezo vinavyokubalika kimataifa vinamtaka kila mwandishi awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika wazo au data, ameandika au kuhariri kwa maana, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa kazi yote. Kuwa mkuu wa idara hakumo katika vigezo hivyo, wala kutoa gari. Wanaostahili shukrani washukuriwe mwishoni mwa makala. Na washiriki waonywe kuhusu majarida ya kitapeli, yale yanayotuma barua pepe za sifa, yanaahidi kuchapisha ndani ya siku chache na kudai malipo. Makala iliyopotelea huko haisomwi, na jina la mwandishi huchafuka mapema.

Sambamba na makala, kila mshiriki aandike muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili na auwasilishe mara mbili: kwa timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri, na kwa kituo kilichotoa data. Uwasilishaji wa kwanza upangwe kabla ya msimu wa kuandaa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, kwa sababu matokeo mazuri yanayofika baada ya bajeti kufungwa hukaa mwaka mzima bila kufanyiwa kazi. Wa pili ni deni. Wauguzi waliofungua vitabu vyao na kuonyesha mapengo yao wana haki ya kuwa wa kwanza kujua kilichopatikana, na wakishirikishwa, mtafiti anayefuata atapokelewa vizuri.

Fedha na posho

Gharama kubwa ni kumbi, malazi na posho. Fanyeni vipindi kwenye chuo cha afya chenye mabweni badala ya hoteli, na fedha zinazookolewa ziende kwenye nauli za walezi kutembelea vituo. Posho ilipwe kwa viwango vya Serikali na kwa wakati, kwa kuwa mtumishi anayejigharimia hawezi kutulia darasani. Lakini chini ya utaratibu ninaopendekeza hakuna posho ya kukaa tu: kipindi cha pili kinampata mwenye kibali, na cha tatu kinampata mwenye data. Tangu mwaka 1990, Tume ya Utafiti wa Afya kwa Maendeleo ilipendekeza nchi zinazoendelea zitumie angalau asilimia 2 ya matumizi yao ya afya kwa utafiti na kujenga uwezo wa watafiti. Halmashauri haina mamlaka juu ya asilimia hiyo, lakini inaweza kuweka kifungu kidogo cha utafiti katika mpango wake wa mwaka, hata cha kulipia ada ya kibali na mafuta ya pikipiki. Kifungu chenye fedha kidogo kinachorudi kila mwaka kina faida kuliko mradi mkubwa wa miaka mitatu.

Kupima kilichopatikana

Fomu ya kuuliza washiriki kama wameridhika na mafunzo haitoshi kupimia mafanikio. Hesabuni maandiko yaliyopata kibali, makala zilizotumwa na zilizochapishwa, na mabadiliko yaliyofanyika kutokana na matokeo: je, kitabu kilihamishiwa chumba dawa inapotolewa? Kisha, miezi kumi na minane baada ya mafunzo, mpigieni kila mhitimu simu mmuulize kama ameanzisha utafiti wa pili bila kuombwa na mtu. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Waliofanya hivyo, hata wakiwa watatu kati ya kumi na wawili, waiteni wawe walezi wasaidizi wa kundi linalofuata, kila mmoja akiwa na mshiriki mmoja na akisimamiwa na mlezi mzoefu. Kwa kundi la tatu, wapeni jozi kamili. Orodha ya wahitimu ikae ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa pamoja na namba zao za simu na mada zao, ihuishwe kila mtu anapohamishwa, na ipelekwe NIMR na vyuo vya jirani ili watafiti wakubwa wanaokuja mkoani wajue kwamba wapo watu wa kushirikiana nao tangu hatua ya kuandika andiko.